Folda ya Mengineyo

Curitiba,
Jumapili mchana

Mpendwa dada yangu Ivonete,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wa mama umepata nafuu tangu baridi ianze. Mimi mwili hauna neno, ila kutulia ndiko kumenishinda. Tangu niandike jina lako nimeshainuka kufungua dirisha, nikarudi kulifunga, nikabandika maji ya chai ya mate jikoni nikayasahau hadi yakakauka. Uliponipigia nikakukatia simu, hukuwa umenikosea. Nilikuwa nimekodolea macho kompyuta nikisubiri jibu la mtu mmoja, na jibu haliji. Nakueleza yote, maana najua mama ameshaanza kusema nimepata mwanamume.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Kuna kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoiamrisha kompyuta. Ndani ya kiini mnakaa viendeshi, na kila kiendeshi kinajua kuzungumza na kifaa cha aina yake kinachochomekwa nje: printa, kamera, mizani ya dukani. Vimeandikwa na watu wa nchi nyingi, na wengi wetu hatujaonana uso kwa uso. Tunajuana kwa barua pepe. Sasa kila kiendeshi kilichokosa kwao kilikuwa kinatupwa kwenye folda moja, Mengineyo. Ikageuka stoo ambayo kila mtu anatia kitu na hakuna anayetoa. Nikakubaliwa niipange upya: kila kiendeshi kiende na wa aina yake, kila folda ipate mlezi, na kisicho na mlezi kianze kuulizwa kina kazi gani.

Aliyepinga ni mmoja tu, mzee Evaristo Chemin wa Paranaguá, ambaye ameilea sehemu ile tangu mimi nasoma shule. Alipinga mbele ya kila mtu. “Binti, weka ufagio chini,” aliandika, “hili si jiko la mama yako. Ukinihamishia chumvi, utanikuta natia sukari kwenye nyama.” Nikamjibu kwamba hata makumbusho hufagiliwa, mzee. Watu wakacheka, nami nikajiona nimeshinda. Nikachora mpango wangu kwa rangi, mishale huku na huku, nikamtumia. Akajibu kwa mstari mmoja: “Michoro peleka kwenye maonyesho. Niandikie maneno.” Nikaona ni dharau. Tukimwita kwenye mkutano wa video, haji. Kijana wetu mmoja wa Recife akasema yule mzee labda hana meno, anaona haya kuonekana. Na hilo nililicheka, dada.

Basi mabadiliko yangu yakapita, yakaingia kwenye kiini. Na mzee akanyamaza.

Mtu aliyekuwa akinigombeza kabla sijanywa kahawa, kimya. Wenzangu wakasema afadhali, amechoka. Mimi sikupata raha. Nikawa nafungua barua pepe nikiwa kwenye foleni ya mkate, nikiwa kazini, nikiwa mezani kwa watu. Nikajiambia amesusa. Halafu nikajiambia amekufa. Siku uliyopiga nilikuwa nimefika hapo.

Mwishowe simu ikalia, sauti ya mwanamke nisiyemjua. “Wewe ndiye Jussara, mwenye ufagio?” Nikasema ndimi. Akasema yeye ni Noeli, binti yake Evaristo, na kwamba baba yake hajui kama amepiga. “Njoo, dada. Ulichokizima uje ukiwashe, maana hapa ndani hapakaliki.” Sikuuliza zaidi. Nilishuka mlima hadi Paranaguá kwa basi la kwanza nililolikuta.

Nilimkuta mezani, mtu mrefu mwenye meno yake yote. Mbele yake kibodi, na kando kisanduku cheusi chenye spika ndogo. Kioo cha kompyuta hakikuwepo. Nikasalimia, akageuza sikio, si uso. Hapo ndipo nilipoelewa.

Haoni, Ivonete. Kile kisanduku ndicho macho yake: kinamsomea kwa sauti kila herufi, tangu kompyuta inapoanza kuwaka. Kiendeshi chake kilikuwa kwenye Mengineyo, nami nilipokihamisha nilisahau mstari mmoja unaokiambia kiini kwamba kiendeshi hicho kimo. Mzee ana desturi ya kujaribu kila toleo jipya la kiini siku ile ile linapotoka. Akalijaribu la kwangu, kompyuta ikaamka bubu. Lile la zamani alikuwa amelifuta.

Nikaanza kulia. Akasema, “Usinililie, hainisaidii. Shika kibodi.” Noeli akaleta televisheni ya chumbani kwake tuitumie kama kioo. Nikawa nachapa, yeye anasoma kwa sauti akitamka maneno ya msimbo kama majina ya dawa, na mzee anamkosoa: “Hiyo ni nukta, mwanangu, si inzi.” Nikauona ule mstari wangu uliokosekana, nikautia. Tukaiwasha upya. Kisanduku kikakohoa, kikaanza kusema kwa sauti ya bati. Mzee akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akasikiliza hadi mwisho.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema folda zile anatembea ndani yake kwa kumbukumbu, anajua kila mlango. “Wewe umehamisha nyumba nami nimo ndani.” Lakini si hilo hasa, akasema. Kiendeshi kile alikiandika mwenyewe, bila kutia jina lake, na mwenyewe ndiye aliyekiacha Mengineyo. Kukiombea folda yake kungemlazimu aseme ni cha nini, na cha nani. Aliogopa wakijua watamhurumia, na anayehurumiwa hagombezwi tena. “Mimi kugombana ndiyo kazi yangu,” akasema.

Noeli akatupakulia barreado, ile nyama yao ya chungu, na ndizi. Mzee alipomaliza kula akaniomba nimweleze mpango wangu kwa maneno. Akasema ni mzuri, ila una upumbavu sehemu tatu, akazitaja. Kisha akawaandikia watu wote mwenyewe: kwamba haoni, hajaona tangu kabla ya wengi wao kujiunga, na kwamba anaomba folda ya vifaa vinavyosema.

Jibu la kwanza lilitoka kwa yule kijana wa Recife, akiomba radhi. La pili lilitoka kwa mwanamke wa Córdoba ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi. Aliandika maneno matatu: “Hata mimi sioni.”

Dada, folda imefunguliwa, na mlezi wake wa pili ni mimi. Kwa hiyo lile nililokuahidi, kurudi Guarapuava tufungue duka pamoja, siliwezi tena; kazi hii haitaniachia nafasi. Nikasirikie, unayo haki. Mama mwambie taratibu.

Leo asubuhi Evaristo amekataa tena mabadiliko yangu, kwa matusi ya ukurasa mzima. Nimefumba macho nikaiacha kompyuta inisomee.

Mbusu mama kwa niaba yangu, wasalimu watoto na jirani wote wanaoniuliza. Uvae soksi.

Mdogo wako akupendaye,
Jussara