Mimi Ndiye Niliyemtuma Polisi

Jumapili, Julai, saa kumi na moja jioni.

Ukungu umeshuka tangu saa nane na mpaka sasa haujanyanyuka. Nyumba ya jirani naiona nusu. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika.

Leo nina hasira, na nisipoziandika nitazimalizia kwa mtu asiyehusika.

Mnaonisoma hapa mmezoea niandike habari za zahanati, za mvua na za maua yangu yanayokufa kila kipupwe. Hili la leo nimelizunguka karibu mwaka mzima. Naandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina la Loisi si jina lake. Mengine yote ni yake, na sehemu yake moja kubwa ni aibu yangu.

Loisi ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Baada ya kidato cha nne alirudi kijijini kwetu Mgwashi akalima viazi na kabichi na mama kwa miaka minne. Kisha akapata wakala wa kumtafutia kazi za ndani Arabuni. Nchi siitaji. Wakala pia simtaji, na sababu nitaieleza. Mkataba wa Kiswahili niliusoma mimi mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba ile. Kulikuwa na mkataba mwingine wa Kiarabu. Tuliambiwa ni uleule. Hatukuuliza zaidi.

Alikaa kule miezi minane. Jumanne moja mchana akanipigia nikiwa nachanja watoto.

"Dada, uko peke yako?"

"Hapana. Kuna nini?"

"Toka nje."

Nikatoka mpaka nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji. Akanieleza kwa Kishambaa. Aliyemwingilia alikuwa mdogo wake bosi, aliyekuja kukaa pale wiki mbili. Kuna maneno ambayo sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa lugha ya mama yetu kabla ya siku ile.

"Umeoga?" nikamuuliza.

"Bado."

"Usioge. Nguo zile ziweke kwenye mfuko wa kaki, siyo wa plastiki. Toka hapo uende polisi sasa hivi."

"Polisi, dada?"

"Polisi."

Nilisema kwa sauti ileile ninayowaambia wanawake wanaoletwa kwetu. Miaka kumi na moja nimekuwa nesi na ndivyo tunavyofanya: mama anapokelewa, anapimwa, polisi wanajaza PF3, ile fomu yao ya matibabu, na kwenye dawati la jinsia kuna askari mwanamke wa kumsikiliza. Hatufanyi vizuri siku zote. Lakini sijawahi kuona aliyekuja kulalamika akafungiwa yeye. Haikunipitia kichwani kabisa kwamba kuna mahali unaingia kituoni ukiwa mlalamikaji, ukatoka mlango wa nyuma ukiwa mshtakiwa.

Akaenda.

Yaliyotokea pale alinisimulia baadaye, vipande vipande. Walimtafutia mkalimani kwa simu, mtu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha. Mkalimani akamuuliza: mlilala pamoja? Loisi akajibu, alilala na mimi kwa nguvu. Askari akaandika. Mwishoni wakampa karatasi ya Kiarabu asaini, akasaini, kwa sababu alidhani ndiyo PF3 yao.

Bosi wake alipoingia kituoni Loisi alifikiri amekuja kumsaidia. Kumbe ana malalamiko yake: mfanyakazi ametoroka, na bangili ya dhahabu ya mke wake haionekani.

Kwa sheria za kule, kuondoka nyumbani kwa mwajiri bila ruhusa yake ni kosa. Kulala na mwanamume asiye mume wako ni kosa jingine. Na ile karatasi, yenye saini ya mdogo wangu, ilisema kwamba amekiri kulala na mwanamume asiye mume wake. Lile neno "kwa nguvu" lilipotelea njiani, kati ya Kiswahili na Kiarabu.

Wakamfungia.

Miezi mitano.

Mimi huku nikawa kama kuku aliyekatwa kichwa. Wakala aliponipokelea simu mara ya kwanza na ya mwisho, aliniambia, "Mdogo wako ametuharibia jina. Tulimwambia akipata shida atupigie sisi kwanza." Namba waliyompa haikuwahi kupokelewa. Nilikwenda ofisi hii na ile, kila meza wananiambia acha namba yako, subiri utapigiwa. Nilikwenda mpaka Dar. Mama nilimdanganya kwamba simu ya Loisi imeibwa.

Mwishowe nikampata ofisa mmoja wa ubalozi wetu kule, mtu mpole, anayeongea taratibu kama mtu aliyechoka siku nyingi.

"Dada, angekuja kwetu kwanza," akasema. "Tungekwenda naye polisi, na mkalimani wetu."

"Hakuna aliyetuambia."

"Najua. Wote wananiambia hivyo."

Nikakata simu bila kuaga. Maana mtu pekee aliyemwambia Loisi aende wapi siku ile alikuwa mimi.

Ofisa huyo ndiye aliyemtoa. Lakini hakumtoa kwa kushinda. Bosi alikubali kufuta mashtaka ya utoro na ya bangili, kwa sharti Loisi asaini karatasi ya pili, kwamba hakuna mwanamume yeyote aliyemfanyia jambo lolote; hapo kesi ya kulala na mwanamume nayo ingekufa. Alisaini. Akapandishwa ndege na marufuku ya kurudi. Yule mwanamume, kwa kadiri tunavyojua, yuko kwao anakunywa kahawa.

Na huku nyumbani? Jumapili yake ya kwanza kanisani watu walimshika mkono, wakamtazama juu mpaka chini, wakamuuliza mbona umerudi mapema. Wiki ya pili nikasikia sokoni kwamba alirudishwa kwa sababu ya wizi. Ile bangili, hata sijui ilifikaje Mgwashi.

Basi mimi nikasema nitapambana. Sitaki kujisifu, naona sasa kwamba nilikuwa napambana kwa ajili yangu. Ijumaa nilikwenda kwa wakili anayesaidia watu bure. Nilibeba faili lenye kila kitu. Akasoma saa nzima bila kuinua kichwa.

"Huyu mwanamume hatumfikii," akaniambia. "Kosa limefanyika kwao, na yeye ni raia wao. Tunaweza kumgusa wakala, kwamba alimpeleka mtu bila kumwandaa. Lakini wakili wao ataanza na hii." Akaweka kidole juu ya karatasi ya pili. "Ataniambia, mteja wako mwenyewe anasema hakuna kilichotokea."

Kisha akaniuliza kama ni kweli ninaandika mtandaoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Usimtaje wakala. Ukimtaja atakushtaki kwa kumchafulia jina, na hapo wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha."

Ndiyo maana simtaji. Loisi alisema, akawa mshtakiwa. Mimi nikisema aliyempeleka ni nani, nitakuwa mshtakiwa wa pili. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikitamani kupiga mtu.

Leo baada ya ibada nikachukua bodaboda mpaka Mgwashi kumpelekea majibu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gunia, anachambua viazi vya mbegu. Nikamwambia yote bila kuzunguka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hiyo karatasi inafunga. Yule mtu wa ubalozi alinisomea neno kwa neno. Akaniambia, ukisaini unatoka, lakini hutaweza kuja kusema tena. Nikamwambia nipe kalamu."

"Na mimi nahangaika na ofisi za watu mwaka mzima, hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada."

Nilikaa chini na sketi yangu ya kanisani. Nikasema jambo nililokuwa nalimeza tangu siku ile ya simu. "Mimi ndiye niliyekutuma polisi. Nisamehe."

Nilitaka aseme hapana, si kosa lako. Nakiri, ndilo nililotaka kusikia. Aliendelea kuchambua viazi.

"Ndiyo, ulinituma," akasema. "Miezi miwili ya kwanza nilikuchukia wewe kuliko nilivyomchukia yeye."

"Halafu?"

"Halafu nikachoka. Ulikuwa hujui. Na mimi nilikuwa sijui. Basi."

Akatupa kiazi kibovu pembeni.

Tukiwa hapo akaja jirani, Mama Agnesi, pamoja na binti yake Agnesi. Nikamwamkia shikamoo, Agnesi naye akatuamkia. Binti ana miaka ishirini na mbili. Anaondoka Alhamisi, nchi ileile.

"Tumekuja kwa Loisi," mama akasema. "Ampe mwenzake mawili matatu, namna ya kuishi na watu wa kule."

Hapo nilikosea tena. Sikumwachia Loisi nafasi. Nilianza kufoka, kwamba asiende, kwamba mnampeleka mtoto mkiwa mmefumba macho, kwamba mikataba ile ni ya kijinga. Mama Agnesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nesi, wewe una ajira ya serikali."

Jibu la neno hilo nimelitafuta njia nzima ya kurudi.

Loisi ndiye aliyemkalisha Agnesi kwenye gunia. Hakumwambia asiende. Alimuuliza kama ana nakala ya mkataba wa Kiarabu. Hana. Akamwambia kesho audai, atafute mtu wa kuusoma, yuko shehe Bumbuli anayekijua Kiarabu vizuri. Akamuuliza kama ana namba ya ubalozi. Hana. Akampa, akamwambia aishike kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza watu hunyang'anywa. Kisha akamsimulia yaliyompata, kwa maneno machache kuliko nilivyoyaandika mimi hapa. Mama Agnesi alijifunika uso kwa khanga.

Agnesi akauliza, "Kwa hiyo dada, mtu akinifanyia vile, nisiseme?"

Nilitazama chini. Swali lile mimi ningelijibu kwa hotuba.

Loisi aliweka kando kiazi alichokishika. Kisha akasema, "Useme. Lakini usianzie pale nilipoanzia. Piga hiyo namba kabla ya kufika kwa askari yeyote. Ukiwa hatarini kimbia, ila kimbilia ubalozini. Mkalimani awe wa kwenu, hata wakikupigia kelele. Karatasi usiyoweza kuisoma usiisaini, hata wakikuacha umesimama mpaka kesho yake. Na lile neno 'kwa nguvu' ulijue kwa lugha yao kabla hujapanda ndege."

Akamfundisha. Yeye alijifunzia mahabusu, kwa mwanamke mwenzake aliyefungwa naye. Agnesi akalirudia mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri, kisha mara nyingine tatu. Msichana bado hajui hata neno la maji kwa Kiarabu, lakini hilo analijua.

Na bado anaondoka Alhamisi.

Hasira zangu ziko hapo. Sisi wanawake watatu wazima tumekaa juu ya magunia ya viazi tukimfundisha binti namna ya kubakwa bila kufungwa, na hakuna mtu mwenye mhuri na meza aliyewahi kumfundisha. Kazi hiyo ilitakiwa ifanywe na wale wanaotoa pasipoti, kabla hawajaitoa.

Loisi alinisindikiza mpaka barabarani. Ukungu ulikuwa umeshaanza kuingia mashambani. Tulipofika kwenye bodaboda akanishika mkono wa sweta.

"Dada, wewe ni nesi."

"Ndiyo."

"Umempigia wakala, umekwenda kwa wakili, umefika mpaka Dar. Hujawahi kuniuliza hata siku moja kama naumwa."

Mwenye bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikamwambia azime.

"Unaumwa?"

"Tumbo la chini. Tangu kule. Siku nyingine siwezi kuinua ndoo."

"Kule hawakukupima?"

"Walinipima mimba tu."

Kila mwanamke anayeingia kwenye chumba changu, kabla hajakaa vizuri, namuuliza: unajisikiaje, wapi panauma? Wanawake nisiowajua hata majina. Mdogo wangu nilimuuliza habari za karatasi. Nilimuuliza tarehe, majina, nani alisema nini, alisaini wapi. Niliona kesi, nikaikumbatia, kwa sababu kesi inaweza kuwekwa kwenye faili.

Nimempigia mwenzangu, amekubali tubadilishane zamu. Kesho saa moja asubuhi nampitia Loisi, tutakwenda hospitali. Sitampeleka kwenye zahanati yangu, maana pale hata wafagiaji wanajua sisi ni ndugu. Tunakwenda mbali kidogo, ambako hakuna anayemjua. Daktari ni mwanamke, nimeshauliza.

Loisi amekubali kwa sharti moja. Anataka kuingia peke yake, aseme mwenyewe, kwa maneno yake, na mtu asimsaidie kujibu.

Nimemwambia sawa. Nitakaa nje kwenye benchi.