Mshono Wako Umebaki kwa Esperansi

Mawe,

Nimerudi Kibondo mchana huu kutoka Kasulu. Sijavua hata viatu. Nimefunga mlango wa duka, nimekaa juu ya mfuko wa mbolea na ninakuandikia, maana nisipokuandikia nitampigia mtu simu nimseme vibaya Esperansi, yule fundi wako, na jambo la kumsema sina. Nina wivu tu. Wewe ndiye mama yangu, ulinizaa, unajua ninavyokuwa nikishikwa na wivu: sili, na kila mteja anayeingia namwona mkorofi.

Nianze tulipoachana. Baada ya arobaini yako, mjomba alisimama mbele ya ndugu akasema mtoto wa marehemu ni mmoja, kwa hiyo cherehani ni ya Devota. Hakuna aliyebisha. Esperansi alikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, amemaliza kuwagawia watu chai. Aliingia ndani akaipaka mafuta, akaifunga kwa khanga yako ya kijani, akaibeba kichwani mpaka stendi. Mimi mtoto wako nilitembea mbele yake na mkoba. Kondakta alipoipandisha kwenye basi, Esperansi alisema tu, "Dada, usiiweke karibu na mbolea, chumvi itaila." Basi. Hakulia mbele yangu. Hata hilo lilinikera, kwamba anajua kujizuia kama wewe.

Nikaiweka huku dukani, mbali na mbolea. Nilikuwa naitazama nikiuza mbegu za mahindi. Nilijiambia kwamba angalau mikono yako imeshika hapa, na hapa, na hapa.

Halafu akaja Jeska. Humjui, ni nesi wa hapa Kibondo, mrefu, mcheshi, anaolewa. Alikuja na picha ya harusi ya shangazi yake, na shangazi amevaa lile gauni ulilokuwa unawashonea maharusi. Mawe, lile lile! Kiuno kimeshikwa, sketi pana inamwagika mpaka chini ya magoti, vifungo vimevikwa kitambaa cha gauni lenyewe, na chini yake shimizi la satini lenye lesi, linachungulia kidogo mtu akikaa. Nikamuuliza kwa nini asichague mitindo ya kwenye simu, maana iko mingi. Akasema, "Zile za kwenye simu zinavutika, anavaa yeyote. Hili linaonekana lilikuwa linamjua shangazi."

Nilitaka kumkumbatia. Ni maneno yako kabisa. Siku ile ulipolipata gauni la kwanza kwenye belo la mitumba, muuzaji alikuwa anataka kulichana afanye vitambaa vya kufutia vumbi. Lilikuwa limefifia, la mama wa kizungu wa zamani, labda bibi wa mtu. Ulilileta nyumbani ukalifumua lote kitandani, kipande kwa kipande, ukakichora kila kipande kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mimi nilikuwa mdogo, nikakuuliza kwa nini unaiharibu nguo nzuri. Ukasema, "Huyu aliyelishona alijua kwamba mwanamke anapumua. Nataka kuona alijuaje."

Tangu hapo hukuacha. Ukashona sidiria za mtindo ule wa zamani, zenye mikanda mipana na kulabu nyuma, kwa ajili ya kina mama wanaolima na kubeba mizigo, waliochoka na vitu vya dukani vinavyowakata mabega. Walikuwa wanakuja kwa haya, wanaingia nyuma ya pazia, wanatoka wamenyooka. Nilikuwa nawasikia wakicheka mle ndani. Nikitaka kuchungulia unanifukuza: "Toka. Cherehani imenimaliza mgongo, wewe haitakumaliza." Ukanipeleka Kibondo kwa shangazi nijifunze biashara. Na siku nilipoondoka, pale kwenye kigoda nilipokuwa nakaa mimi, akaja kukaa Esperansi, msichana kutoka Munanila, ambaye babu yake alikimbia vita Burundi na wao sasa ni raia kama sisi. Ukamfundisha yeye. Mgongo wake hukuuonea huruma? Nilikuuliza hivyo mara moja kwenye simu, ukacheka, ukasema mtandao unakatakata.

Basi Jeska alipouliza, "Wewe ndiye binti wa yule fundi wa Kasulu?" nikasema ndiyo, ndiye mimi. Kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikasema nitamshonea.

Mawe, nilijaribu. Nilizitoa karatasi zako za saruji, nikakata kwanza kitenge cha bei rahisi ili nisiharibu kitambaa chake. Nilishona kila jioni baada ya kufunga duka. Mshono ulikuwa unakwenda kama njia ya ng'ombe. Jeska alipokuja kujaribu, aliinua mikono ajitazame kwenye kioo, na kwapa likaachia, chwaa! Alicheka, hakuwa na ubaya wowote. Kisha akauliza taratibu, "Kwani mama hakukufundisha?"

Nilimwambia hapana.

Kesho yake tukapanda basi la Kasulu kumfuata Esperansi, mimi na yeye na cherehani. Esperansi anashonea sasa kwenye baraza la duka la watu, kwa cherehani ya kuazima inayopiga kelele kama mashine ya kusaga, na anashona sare za shule kutwa. Alipoona khanga ya kijani alisimama. Hakuuliza nimeileta kwa nini. Aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa, akanisalimia, "Mwakeye, dada. Karibuni, kaeni."

Nikakaa, nikatazama. Na hapo ndipo roho iliponiuma.

Futi kamba ameitundika shingoni, upande wa kushoto. Pini anazibana kwenye midomo, anaongea nazo. Akamwambia Jeska, "Pumua kwanza. Usinipe kiuno cha picha, nipe kiuno cha kula ugali." Mawe! Ulikuwa unawaambia hivyo maharusi wote. Jeska akacheka, mabega yakashuka, na Esperansi akampima wakati ule ule anacheka. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nyanya. Mimi nina pua yako, nina miguu yako, na haya meno yaliyoachana. Yeye ana wewe mwenyewe.

Gauni lilipokamilika Jeska alilivaa, akatembea mpaka kwenye kona ya soko na kurudi. Huwezi kuamini jinsi watu walivyosimama. Wasichana wa saluni walitoka na mapovu vichwani wakauliza linashonwa wapi. Mama mmoja anayeuza maharage aliweka kopo chini, akatazama gauni, akamtazama Esperansi, akasema, "Kumbe fundi hajafa."

Alimtazama Esperansi, Mawe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Jana mchana Jeska alikwenda kula kwa ndugu zake. Tukabaki wawili, Esperansi anatia kulabu za shimizi kwa mkono. Nikaona kwenye simu yake picha ambayo sijawahi kuiona. Ni ile safari ya kwaya ya kina mama kwenda ziwani Kigoma, ambako uliniambia mlikwenda kuimba. Hukuniambia mlioga. Uko ndani ya maji mpaka mapajani, umevaa nguo ya kuogelea ya mtindo wa zamani, ya bluu, ina kisketi kidogo na mikanda mipana, na kina mama wote nyuma yako wamevaa za namna hiyo hiyo. Esperansi akasema mlizishona wawili, kwa kuiga moja iliyotoka kwenye belo, kwa sababu kina mama walisema zile za siku hizi ni za kuogea ukiwa peke yako. Umefungua mdomo wote unacheka. Esperansi amekushika mkono.

Mimi magoti yako sijawahi kuyaona. Nilikuogesha ukiwa maiti, pamoja na shangazi, na hata hapo walikufunika.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Esperansi, wewe umempata mama yangu wote. Mimi nimebakiziwa chuma."

Hakuinua macho. Alivuta uzi, akaukata kwa meno. Akasema, "Dada Devota, mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe."

Nikamwambia asinifanyie utani.

"Nilikaa naye miaka yote hiyo namwita Fundi. Akinitambulisha anasema, huyu ni fundi wangu. Ukipiga simu wewe anaacha kushona, mguu wa cherehani hewani. Akimaliza kuongea na wewe haniambii mlichoongea, ila jioni ile anashona vizuri kuliko siku zote." Niliona ana jambo na analiogopa. "Siku ile hospitali, ulipokuwa njiani, alikuwa haoni vizuri tena. Nilimshika mkono. Akasema, 'Devota, umefika?'"

Nikaiweka simu yake chini, Mawe.

"Nikaitika. Nisamehe, dada. Nikamwambia, 'Ego, Mawe, nimefika.' Akatulia. Sijawahi kumwita Mawe kabla ya hapo."

Basi langu siku ile lilikuwa limejaa nyanya na watu wanaobishana mpira, nami nilikuwa naomba tu dereva akanyage mafuta, na nilipofika walikuwa wameshakufunika uso. Nimelala na jambo hilo tangu siku ile, kwamba uliondoka unanisubiri. Kumbe hukunisubiri. Kumbe nilikuwa nimefika.

Nilitaka kumpiga yule msichana. Nilitaka kumshukuru. Amechukua neno langu la mwisho kwako, na amelitumia vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, kwa sababu mimi ningepiga kelele tu. Nilimwonea wivu kwa neno hilo moja kuliko kwa cherehani, kuliko kwa ziwa. Nikalia, akalia, kulabu zikamwagika, tukaanza kuziokota chini ya meza wawili huku tunafuta makamasi. Mama wa maharage akatuletea chai bila kuuliza.

Cherehani nimeiacha kwake. Mjomba atasema, na aseme. Chuma kinataka mtu anayekijua.

Usidhani nimepona, Mawe. Bado nina wivu, nao umekaa hapa chini ya mbavu wakati huu ninaoandika. Jeska ataolewa amevaa mshono wako, wasichana wa saluni watafuata, na watoto wao labda wataufuata pia, na kila atakayeuliza ataelekezwa kwa Esperansi. Sitalizoea haraka.

Ila nakuahidi jambo moja. Kiangazi tutajenga kaburi lako kwa saruji na kuweka msalaba. Mjomba ameniambia niandike maneno: utakumbukwa na mwanao Devota. Nimekataa. Nitamwambia fundi wa msalaba aandike wanao, kisha majina mawili.

Langu litatangulia. Hilo nikubalie.

Lala salama, Mawe.

Mwanao,
Devota