Uzi Unakatika

Jumatatu, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kwa maana kwamba nala na nalala. Mgongo wako je? Naandika kwa sababu simu yako inaita tu. Jirani anasema umeitia kwenye droo ya vifungo tangu siku ile ilipokuletea habari ya msiba wa kaka. Sikulaumu.

Chumba chake nimeshakifungasha, kasoro kikombe. Sijalia bado. Nimekaa kama mtu aliyeacha bomba wazi na maji yamekatika.

Kompyuta ni ya ofisi. Wanaitaka kesho kutwa Ijumaa, waifute yote, apewe mchora ramani mwingine. Picha hakuna. Kuna alamisho tu: mtu akikuta ukurasa mtandaoni ambao atataka kuurudia, anabofya nyota, unabaki umewekwa. Naweza kuzitoa zote ziwe faili moja, nikuchapishie. Unazitaka?

Mwanao

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, na haunisahaulishi kwamba upo. Ijumaa si kesho kutwa, umezipoteza siku kama mimi. Kula umekaa, usile umesimama kama mlinzi.

Zitoe. Herufi ziwe kubwa. Nikimuuliza anasoma nini alikuwa akisema, "Kazi tu, mzee."

Juzi nimeshona shati, mikono yote miwili ya kushoto. Mteja kacheka, nami nikacheka kumsindikiza.

Baba yako

Alhamisi, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai umelala.

Nilibofya mara moja, faili ikatoka kabla sijakaa vizuri kitini. Nilidhani maisha ya mtu yatachukua muda. Nilipoichapa ikatoka imejaa anwani ndefu zisizosomeka, basi nimeacha vichwa vya kurasa tu, na tarehe alizoziweka. Karatasi hizi hapa. Kompyuta inarudi kesho.

Mwanao

Jumatatu, 10 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Karatasi zimefika. Bei za saruji nimeziona, mpira nimeuona, vyumba vya kupanga pia. Lakini printa yako imelewa? Haya ya cherehani yametoka wapi? "Uzi wa juu kukatika." "Uzi kukatika, sababu." "Cherehani kuruka mishono." Ukurasa mzima! Kaka yako akae asome cherehani? Ile alizaliwa nayo kichwani, amekulia chini ya meza yangu. Hizo ni karatasi za mtu mwingine, zitoe.

Nakutumia koti. Nimeweka vifungo, zipu za siku hizi siziamini.

Baba yako

Jumatano, 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Koti limenikaa vizuri, ahsante.

Nilitaka kunyamaza. Karatasi ni zake, Baba. Tazama tarehe: zote ni Jumapili. Si ndiyo siku uliyokuwa ukimpigia kumuuliza habari za cherehani? Hakuwa nayo kichwani. Alikuwa akitafuta huku unaongea, kisha anakusomea.

Nisamehe kama nimekunyang'anya kitu.

Mwanao

Jumatano, 26 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na usihesabu siku nilizonyamaza.

Uzi haukuwahi kukatika. Nashona tangu mama yako hajanijua. Ile cherehani naifungua na kuifunga macho yamefumba. Lakini mtu mzima nimpigie nimwambie nini? Nimekukumbuka? Angedhani naumwa. Nikasema, uzi unakatika. Nasikia vidole vinabofyabofya, halafu ananifundisha: "Legeza skrubu ya juu, mzee." Mimi nasema, "Ahaa!" Siku moja kanifundisha kinyume kabisa. Nikamwambia imekubali.

Hivyo vidole nilidhani ni kazi ya ofisi. Nikawa nakata simu mapema, nisimchoshe.

Karatasi nimezibandika ukutani, mbele ya meza. Leo nimekaa mbele ya cherehani mpaka mchana, sikushona kitu. Wewe umelia?

Baba yako

Ijumaa, 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Bado. Kikombe chake nimekiosha.

Itoe simu kwenye droo, uichaji. Jumapili nitapiga. Ile zipu ya koti uliloniletea imekwama, na sijui nifanyeje.

Mwanao