Simu ya Goodness Tuliigawa Pamoja na Nguo Zake

Nkololo, Bariadi
11 Agosti 2025

Mpendwa Mshauri Mama Martha,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu sijui kuandika kwa kifupi, elimu yangu ni darasa la saba, na kidogo kilichoongezeka nilikipata kwenye vitabu vya mwanangu alipokuwa chuo cha ualimu, akija likizo yeye anachukua jembe langu na mimi nachukua kitabu chake.

Mwanangu huyo ndiye Goodness. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ipililo, akafariki Machi mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, alikuwa na miaka ishirini na tisa. Goodness alikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, wenyewe wanaita blogu, aliupa jina Jikoni kwa Mayu, na mayu ni mimi mama yake. Aliandika humo mapishi yetu ya Kisukuma na maneno ya wazee, habari sitini na tatu kwa jumla, nimezihesabu mara nyingi. Nakumbuka siku aliyoandika habari ya michembe, viazi vitamu vya kukausha, tulikuwa tumekaa kwenye jabali la nyuma ya nyumba tunageuza viazi, akaniuliza, "Mayu, vinakaa juani siku ngapi?" Nikamwambia siku sihesabu, vinakaa mpaka vilie ukivitikisa. "Vinalia namna gani?" Nikasema kachakacha. Akacheka akaandika hivyo hivyo, "mpaka vilie kachakacha," na watu wa Kahama na Dar es Salaam wakaandika chini yake kwamba wamecheka na wamewakumbuka mama zao. Ipo na video fupi ya siku hiyo, yeye haonekani kwa sababu ndiye aliyeshika simu, lakini kicheko chake kinasikika. Sina sauti yake nyingine popote.

Tulipomaliza matanga tuligawa vitu vyake kama inavyofanyika kwetu, kila ndugu wa karibu apate kitu cha kumkumbuka, huyu kanga, huyu viatu, huyu saa ya ukutani, na ilipofika simu yake ya tachi mdogo wangu Wilhelmina akasema, "Dada, mimi kanga zitaoza, nipeni simu, humo ndimo mtoto alimo." Tukaona ni neno zuri tukampa. Mimi mwenyewe niliipangusa kwa kitambaa nikidhani nimeisafisha. Laini yake nikaitoa nikaiweka kwenye kopo la vifungo, sikuiwekea vocha kwa sababu nilikuwa naogopa mtu asiyejua msiba asije akapiga akasema, "Habari za siku, mwalimu."

Mwaka ukapita. Mwezi wa tano mwaka huu nikafungua ukurasa ule kwenye simu yangu kama ninavyofanya kila Jumapili nikitoka misa, nikakuta matangazo ya kubeti, nikadhani ni mambo ya mtandao. Jumapili iliyofuata nikakuta habari mpya. Ya sitini na nne, Mama Martha. Imewekwa picha yake ya mahafali, amevaa joho, na chini imeandikwa, "Mimi mwalimu Goodness nilisumbuliwa na figo, sasa nimepona kabisa kwa dawa ya mganga huyu," na namba ya simu ya kupiga. Nililisoma neno nimepona nikaketi chini palepale nje ya kanisa, na tangu siku ile habari za namna hiyo zinaongezeka.

Mwezi wa sita akaja mama mmoja kutoka Lagangabilili kwa bodaboda, mume wake amevimba miguu, ameuliza njia nzima hadi kwangu. Akanisalimu, "Mwadila, mama. Nimekuja kumwona mwalimu aliyepona." Nilimshika mkono nikampeleka upande wa mihogo nikamwonyesha kaburi. Akasoma msalaba wote, jina na tarehe, kisha akanigeukia, "Mama, mbona ameandika juzi?" Nikamweleza, sijui kama alielewa. Alikuwa ameshapiga ile namba, dawa ameshaletewa. Tangu siku ile sijasikia habari za mume wake na naogopa kuuliza.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Alikuwapo kijana anaitwa Salvatory, mwalimu mwenzake Goodness, walikuwa wachumba na barua ya posa tulishaipokea. Ukurasa ule walitengeneza wote wawili, na Goodness alipoanza kuugua aliniambia, "Mayu, Salvatory naye ana ufunguo wake wa kuingilia, mimi nikishindwa ataandika yeye." Baada ya msiba Salvatory hakutuacha, kila mwezi alikuja na pikipiki kutoka Ipililo, anapalilia kaburi, anakula ugali, anaondoka. Basi mwezi uleule wa tano nilipoona hayo mambo nikajiambia mwenye ufunguo ndiye mwizi. Nikamngoja mpaka alipokuja, na ilikuwa siku ya sala za jumuiya nyumbani kwetu, watu wamejaa, nikamwambia mbele yao wote, "Salvatory, mwanangu amekukosea nini hata umuuze kwa waganga?" Akasimama na sahani mkononi. Akasema, "Mama, unaniambia mimi?" Nikasema ni wewe, nani mwingine ana ufunguo. Akaweka sahani chini taratibu, akasema, "Basi sitaugusa ukurasa ule tena, hata nikiuona unaungua." Akaondoka hata kofia yake akaisahau. Ipo hapa kwenye msumari.

Wiki mbili zilizopita Wilhelmina alikuja kunisaidia kuchambua pamba, nikamwona ana simu ndogo ya tochi. Nikamuuliza ile ya Goodness iko wapi. Akasema, "Dada, macho yangu hayaoni herufi zile, niliibadilisha mnadani kwa fundi mmoja tangu mwezi wa pili." Nikamuuliza, "Ulifuta vitu vyake kwanza?" Akanishangaa. "Nifute kwa nini, si ndiyo kumbukumbu yenyewe?" Huyo fundi hajulikani alikotoka wala alikokwenda.

Nimemweleza mume wangu Anatoli yote. Akasema, "Mtoto tulimzika mara moja, hawa wanamfukua kila siku. Tafuta mtu auzime ukurasa huo, uishe." Ninamwelewa, lakini ukizimwa kicheko nacho kimezimwa. Bariadi mjini nimepata fundi mwingine anasema ataurudisha kwa nguvu, ila nimpe kwanza jina na neno la siri la simu yangu na picha ya kitambulisho changu. Neno langu la siri ni jina lake Goodness na mwaka aliozaliwa, nalitumia kila mahali ili nipate sababu ya kuliandika.

Nifanye nini, Mama Martha? Niuzime kama baba yake anavyotaka, au nimpe fundi neno langu? Kwa Salvatory sijaenda, naona aibu, na kila nikiiona kofia naona aibu zaidi. Ukisali, utukumbuke mimi na Goodness wangu.

Ni mimi,
Mama Goodness


MAJIBU YA MSHAURI

Pole, Mama Goodness. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama pale nje ya kanisa. Pole sana.

Sasa tusemezane. Umeniandikia neno lako la siri kwenye barua ya gazeti! Ndiyo maana nimeizuia wiki nzima mpaka uliponitumia ujumbe kwamba umelibadilisha. Jina na mwaka ule vimeandikwa msalabani, kila anayepita kwenda shamba anavisoma. Ukitaka kuandika jina la mwanao kila siku, liandike kwenye daftari. Neno la siri liwe refu, maneno matatu au manne yasiyohusiana, asiyoweza kuyakisia hata mume wako, na usitumie moja kila mahali. Na huyo fundi wa mjini anayetaka neno lako na kitambulisho chako usimrudie. Aliyeibiwa ng'ombe hamkabidhi mgeni ng'ombe waliobaki.

Kugawa vitu vya marehemu ni desturi njema na sitawalaumu kwa hiyo. Lakini mkigawa kanga, mkono wa mwenye kanga haubaki ndani yake. Kwenye simu unabaki. Simu ile ilikuwa bado inajua njia zote za Goodness, barua pepe yake, picha zake, ukurasa wake, na aliyeishika ndiye aliyekuwa Goodness. Hakuvunja mlango, Mama. Nyumba alipewa ikiwa wazi, nawe ukaipangusa vumbi. Nasema hili kwa ukali kwa sababu wiki hii kuna familia nyingine zinamaliza matanga, na simu iko mezani kati ya nguo. Wakae kwanza, watoe picha na sauti wanazozitaka, watoke kwenye akaunti zote, wafute simu yote, ndipo wagawe.

Na ile laini kwenye kopo la vifungo. Laini isiyowekwa vocha kwa miezi mingi hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Ukurasa ukiuliza mwenyewe ni nani, tarakimu za uthibitisho zinakwenda kwenye namba ileile. Chukua cheti cha kifo, nenda ofisi ya kampuni ya simu, uliza namba hiyo iko mikononi mwa nani. Kama haijapewa mtu, omba utaratibu wa ndugu kuichukua.

Unaniuliza uuzime au usiuzime. Kwanza huwezi, maana asiye na ufunguo hafungi wala hafungui. Pili, baba yake ana haki ya kuumia, lakini mwambie kwamba kinachomfukua mtoto ni habari ya sitini na nne na zilizofuata. Zile sitini na tatu ni za mtoto mwenyewe.

Mama, umeandika kurasa tano unatafuta mtu wa kukufungulia mlango, na kwenye ukurasa wa tatu umeniambia ulivyomfukuza. Ufunguo wa Salvatory si ule uliokuwa kwenye simu. Ni wake, ameingia nao kwa jina lake. Kama aliwekwa kuwa msimamizi pamoja na Goodness, anaweza kumwondoa huyo aliyejivika jina la mwanao, kufuta uongo ule, kisha kushusha habari zote na kuzihifadhi sehemu mbili, na video ile kwanza kabla ya kitu chochote. Akimaliza aweke ulinzi wa hatua mbili, neno la siri na tarakimu zinazokuja kwenye simu yake aliyo nayo mkononi. Yote hayo ni kazi ya saa moja kwa anayejua, na amekuwa akijua tangu mwezi wa tano. Hakugusa kwa sababu wewe ulimwambia mbele ya jumuiya nzima kwamba kugusa kwake ni wizi.

Sitakudanganya. Huenda mwizi ameshamtoa na yeye, na mkifika mtakuta mlango umefungwa kwa wote. Ikiwa hivyo, habari bado zinasomeka. Kaeni mzinakili moja baada ya moja, na video muirekodi kwa simu nyingine inapocheza, hata kama haitakuwa safi. Kisha chapisheni ile habari ya uongo pamoja na namba ya mganga, mwende nayo polisi na cheti cha kifo, muwaombe waifungue kama kosa la mtandao. Na wenye jukwaa la blogu wana sehemu ya kupokea taarifa za marehemu anayeigizwa. Salvatory ataijua.

Yule mama wa Lagangabilili mtafute. Ndiyo, unaogopa. Mwende na Anatoli. Mwambieni amrudishe mume wake hospitali leo, siyo baada ya dawa kuisha. Goodness wenu hakupona, na ninyi ndio watu pekee duniani ambao yule mama atawaamini mkisema hivyo. Mkikuta mmechelewa, basi mtakuwa mmekwenda kuhani. Mtakwenda tu.

Lakini kabla ya laini, kabla ya polisi, panda gari uende Ipililo. Usimtume Wilhelmina, usimpigie simu. Ulimtukana mbele za watu, kwa hiyo muombe msamaha mbele za watu, hapo shuleni kwake kama walimu wenzake wapo, halafu siku ya jumuiya urudie kwa waliokusikia. Usianze na habari ya ukurasa. Akidhani umefuata ufunguo, atakupa ufunguo na hutamwona tena. Anza na kofia. Mpe mkononi, useme ulichokosea, unyamaze. Akikataa, rudi nyumbani, na mwezi ujao nenda tena. Yeye alikuja kila mwezi kupalilia na hakuna aliyemwomba.

Gazeti hili hufika Ipililo siku ya pili. Fika wewe kwanza.

Nimewakumbuka, wewe na Goodness, kama ulivyoniomba. Nami nina ombi moja. Ukipata michembe mwaka huu, kabla hujaifunga kwenye gunia itikise kidogo, unikumbuke na mimi.

Mshauri wako,
Martha