Karibu Lukasi, Leo Umechelewa

S.L.P. 61,
Tukuyu, Rungwe.
11 Juni, 1995.

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaharusi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ya mwezi uliopita niliipokea kwa karani wa posta, ambaye siku hizi akiuona mwandiko wako hunipungia mkono tokea dirishani. Nimefurahi kusikia kuwa nyote hapo Kivinje hamjambo, kwamba goti la shemeji limepata nafuu na kwamba wanao wameacha kugombana na walimu wao. Nibusie wote, hata yule mkubwa anayejiona ameshakua. Mimi nami ni mzima wa mwili, ila baridi ndiyo inayonitesa. Mwezi huu huku manyunyu na ukungu haviachani. Nguo nikianika Jumatatu nazianua Alhamisi zikiwa na ubichi wake. Navaa sweta mbili na bado nalala nimejikunja.

Umeniuliza tena kwa nini sirudi nyumbani ilhali eda nilishaimaliza, na umesema barua zangu zina ucheshi mwingi mno kwa mtu aliyefiwa na mume. Leo nitakujibu. Lakini kabla ya kukujibu inanibidi nikueleze habari za picha za video za maiti, nawe najua huzipendi na hujawahi kuziona. Nivumilie tu.

Unakumbuka kuwa marehemu Hasheem alikuja huku na mitumba, biashara zilipofunguliwa, na baadaye akauza marobota yote akanunua televisheni na deki, tukafungua banda la video jirani na soko. Picha za ngumi watu walizipenda, lakini zilizojaza banda mpaka watu wakakaliana mapajani ni za maiti wanaofufuka. Ziko sehemu nne. Jina lake la Kizungu silijui hadi leo. Hasheem aliziita Wafu Wasio na Adabu, na Tukuyu nzima ikaziita hivyo.

Kila sehemu ina mambo yaleyale, na watu walikuja kwa ajili ya yaleyale. Lazima mtu akatazwe kugusa kitu fulani, naye akiguse. Lazima mkuu wa polisi, ambaye Hasheem alimwita OCD, awe anakula wakati watu wanakuja kumwambia kuwa makaburi yamefunguka, na lazima awaambie waende zao wakalale. Lazima awepo mnene mmoja wa kofia, Bwana Tumbo, ambaye huliwa na maiti katikati ya picha, kisha katika sehemu inayofuata unamkuta mzima, ana masharubu na jina jingine, na hakuna anayemshangaa. Watazamaji wakiuliza, Hasheem aliwajibu kwenye maiki kuwa huyo ni ndugu yake, mama yao alijaliwa uzazi. Halafu maiti mmoja hubisha hodi nyumbani kwake, akamwita mke au mama yake kwa jina, kwa sauti ya upole kabisa, na banda zima likapiga kelele kumwambia mwanamke asifungue. Katika sehemu zote nne hakuna hata mmoja aliyeuacha mlango umefungwa.

Hasheem alikuwa akitafsiri maneno yote hayo kwa maiki, na kile asichokijua alikitunga. Aliona haya kutazamwa, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia, watu wakasikia sauti tu. Kifua kilipoanza kumsumbua, fundi mmoja wa Mbeya alimwonyesha namna ya kuingiza sauti ndani ya kanda yenyewe. Akarekodi sehemu zote nne watu wakiwa wamo bandani, kwa sababu alisema hawezi kuchekesha mabenchi matupu. Baada ya hapo alikaa nyuma ya pazia akinywa chai ya tangawizi huku sauti yake ikifanya kazi. Watazamaji hawakujua. Tuliojua ni mimi na jirani yetu Tupokigwe, anayechoma ndizi pale mlangoni.

Kisha akafa, kama ujuavyo. Nilipotoka eda nilifungua banda kwa picha za ngumi, zisizo na sauti yake, watu wakaja wachache. Ikafika siku nikaweka Wafu. Dada, sitakuficha: aliposema bismillahi na kukohoa, nilitaka kwenda kumchukulia maji. Nilikaa nyuma ya pazia kando ya kiti chake, koti lake likiwa bado limetundikwa pale, nikamsikiliza mpaka mwisho. Watu wa huku ni wema, wamenipikia na kunizikia mume, lakini wakianza Kinyakyusa chao nabaki na kikombe changu mkononi nikitabasamu bila kujua la kutabasamia. Nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Bandani Hasheem alikuwa kama ananiuliza. Katika sehemu ya pili yuko mahali anaposema kuwa ameisikia harufu ya wali wa mke wake na kwamba picha hii iishe haraka. Kwa ajili ya maneno hayo nilikuwa nikiweka sehemu ya pili kuliko zote. Ndicho kilichonizuia huku, wala si biashara nilizokuwa nikikuandikia.

Mwanzoni watazamaji walinyamaza tu. Wengi walidhani ndugu yake Hasheem amekuja kutoka pwani, kwa maana Bwana Tumbo alikwishawazoesha habari za ndugu, na mimi sikumsahihisha mtu. Balaa aliileta Lukasi. Huyu ni kijana anayechuma chai, mpenzi mkubwa wa picha zetu, na siku ile ya kurekodi sehemu ya pili alichelewa, Hasheem akamwona kwenye upenyo wa pazia akamsemesha kwenye maiki, maneno ambayo siku nyingine humezwa na kelele za watu. Basi mwezi wa nne mwaka huu Lukasi akachelewa tena, na Mungu anajua alivyopanga, akafungua mlango wakati uleule. Sauti ikamwambia karibu Lukasi, leo umechelewa, kaa hapo mbele na usikanyage miguu ya watu. Lukasi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alikimbia hadi stendi akaacha ndala moja mlangoni.

Kufikia kesho yake mji mzima ulijua kuwa Hasheem hakufa, kwamba tulizika mgomba uliofungwa sanda na mimi nimemfuga msukule nyuma ya pazia, nikimtumikisha kutangaza picha. Tupokigwe alinitetea sana. Aliwaambia kuwa msukule hukatwa ulimi, sasa huyu anazungumzaje. Wakamjibu kuwa watu wa pwani wana utaalamu wao. Nilicheka aliponieleza, lakini nilicheka peke yangu. Muuza maziwa akaacha kupita kwangu. Watoto niliokuwa nikiwapa peremende wakawa wakiniona wanavuka barabara. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Mzee Asajile, nikamkuta anakula ndizi na maharage, akanisikiliza akitafuna, akaniambia ni maneno ya watoto, nirudi nyumbani nikalale. Nilimtazama nikamkumbuka OCD wetu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Katika siku hizo alikuja bibi mmoja kutoka Masukulu, jina lake Atuganile, amejitwika mkungu wa ndizi. Kiswahili chake ni kidogo, Tupokigwe ndiye aliyetufasiria. Nilidhani amekuja kunitukana kama wengine. Aliniamkia kwa heshima, akauweka mkungu miguuni pangu, akasema ana mwanawe, Prosper, aliyekuwa akija bandani kwetu zamani. Prosper alikwenda machimboni Chunya, shimo likamwangukia, wakamzika hukohuko kabla habari haijamfikia mama. Hakumwona. Sasa amesikia kuwa mimi nimeweza kumrudisha wangu. Hakuja kunishtaki, alisema, amekuja kuniomba nimwonyeshe njia, na akija hata bila ulimi yeye atampokea. Nilimwambia kwamba hakuna kitu kama hicho, kwamba ni kanda tu. Akaitika kwa kichwa kama mtu anayejua kuwa ananyimwa, akaniachia ndizi zake akaondoka. Nilishindwa kuzila.

Mawe yalipovunja spika ya nje, Mzee Asajile aliona sasa si maneno ya watoto. Akaitisha kikao, na kikao kikaamua kuwa ama nionyeshe mbele ya watu wote kitu kinachosema nyuma ya pazia, ama kanda zichomwe moto na mimi nihame. Wengine walitaka moto moja kwa moja. Tupokigwe akanishauri nikubali kuonyesha. Nilikubali upesi, maana nilichokuwa nikifikiria ni kanda tu, zisichomwe.

Wakaja Jumapili, wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wakajaa ndani na wengine wakasimama nje kwenye manyunyu. Nililiondoa pazia mwenyewe. Walipokiona kiti na lile koti, mama mmoja alipiga ukelele na waliokuwa mlangoni wakakanyagana. Nikalichukua koti nikalikung'uta ili waone halina mtu. Kisha nikawasha deki nikaweka sehemu ya pili. Hasheem akasema bismillahi, akakohoa, nami nikabonyeza, akakatika. Nikarudisha nyuma, nikabonyeza, akasema bismillahi tena na kukohoa tena, kikohozi kilekile. Mzee Asajile akataka nirudie. Nikarudia. Wakaanza kuguna, kisha mmoja akacheka, na kile kicheko kikaenea banda zima. Wakamsukuma Lukasi mbele abonyeze kwa mkono wake. Akabonyeza, akakaribishwa kwa jina lake, akarudisha nyuma akakaribishwa tena, na kila akikaribishwa aliinama akaitikia ahsante, mpaka watu wakafuta machozi kwa kucheka. Walinipa mikono. Muuza maziwa akasema kesho atapita. Mzee Asajile akatangaza kuwa banda ni halali na kwamba aliyevunja spika atatafutwa.

Nami nilicheka nao, dada. Nilisimama kando ya deki nikifanya kila walichoniomba: hapa msimamishe, hapa mrudishe, hebu pale anapotaja wali. Nikampeleka na kumrudisha kama kitu cha maonyesho, mbele ya watu, ili waamini kuwa amekufa.

Walipotawanyika nikaona bibi Atuganile amebaki kwenye benchi la nyuma. Hakuwa amecheka. Alimwambia Tupokigwe kuwa amesikia watu wakicheka ndani ya kanda, si sisi, bali wale wa siku ile ya zamani, na Prosper alikuwa haachi kuja. Akaomba asikilize. Nikaiweka picha tangu mwanzo, tukakaa wanawake watatu kwenye banda tupu mchana ule. Hakuwa akitazama televisheni hata kidogo, alifumba macho. Bwana Tumbo alipoliwa, watu wa ndani ya kanda waliangua kicheko, na bibi akainua mkono akasema yule, ni yeye. Mimi nilisikia vijana wakicheka, sikuweza kuwatofautisha. Nikanyoosha mkono kwenye deki ili nimrudishie asikie vizuri. Akanizuia. Tupokigwe akanifasiria kuwa inatosha, amemsikia, na mtoto asisumbuliwe kurudiarudia, atachoka. Akasimama akanishukuru, ndaga fijo, akajifunga kanga yake vizuri akaenda zake Masukulu. Alikuwa ametulia kuliko mtu yeyote niliyemwona siku ile.

Nikabaki peke yangu, nikafanya nilichokizoea. Nikaweka pale pa wali. Sikumsikia mtu. Nilisikia kanda, dada. Maneno ni yaleyale na sauti ni yake, lakini niliijua kila pumzi itaangukia wapi, na nilijua kidole changu kinaweza kumkata popote. Nikajaribu sehemu ya kwanza, nikajaribu ya tatu na ya nne. Zote nne ni kanda. Nilizipigania zisichomwe, zipo hapa kwenye kabati, kavu na nzima, na mume wangu hayumo.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Siku ya maziko sikulia. Watu walinisifu kwa subira, na wewe mwenyewe uliandika kunisifu. Haikuwa subira. Nilijua kuwa nimemweka kabatini, nikawa nangoja wageni waondoke. Kwa hiyo eda yote niliikaa kama mtu ambaye mumewe amesafiri, na barua zangu zikakuchekesha. Jumapili ile, nikiwa sakafuni mwa banda na koti lake mapajani, nililia mpaka Tupokigwe akaacha ndizi zake zikaungua. Usinihesabie miezi, dada. Mimi nimefiwa Jumapili iliyopita.

Ulipotaka kuja wakati wa msiba nilikukataza. Nilikuandikia kuwa njia ni mbaya, kwamba mvua ni nyingi, kwamba mimi sijambo. Njia bado ni mbaya na mvua bado ni nyingi. Njoo, dada. Ya kurudi nyumbani au kubaki huku tutayazungumza ukifika. Sasa hivi nataka mtu wa kukaa naye msiba.

Nisalimie shemeji na umwombe ruhusa kwa niaba yangu, mwambie sitakuweka sana. Wasalimie jirani zetu wote wa mtaa wa msikitini, na mama yake Mwajuma umpe pole ya macho. Tupokigwe anakusalimu ingawa hamjuani. Ukija, beba nguo nzito.

Wasalaam. Ni mimi mdogo wako,

Rahma