Leo nimekula kwa Noela

Bukavu, Jumapili kiisha misa

Maman yangu mupenzi,

Amani ya Bwana ikae mu nyumba yako. Goti lako linasemaje na hii mvua? Na mbuzi yako mukorofi, iko hai bado? Mimi niko muzima, na leo siandiki neno hilo kwa adabu tu.

Maman, kaa kwanza. Leo nimekula kwa Noela.

Najua umekunja uso. Wewe na mimi ndio tulisema kwamba huyo muke wa kaka Deo alinipa karuho, sumu ile ya kuua polepole. Nilikula sombe ya majani ya muhogo kwake siku ya komunyo ya mutoto wao, kiisha nikaanguka na Covid. Covid ikaenda, mimi nikabaki bila nguvu. Nashona rinda moja, nalala muchana wote. Napanda ngazi za mutaa wetu wa Kadutu, pumzi inakatika. Majirani wakasema, "Mama Wabiwa, Covid inamalizaka. Hiyo ni karuho." Nikaamini. Nikanywa dawa ya kutapisha mara tatu, kila mara nikazidi kuchoka. Miaka miwili sikugusa hata maji kwa Noela.

Mwezi uliopita docteur mumoja, mwanamuke, akaniuliza kitu ambacho hakuna mutu aliniuliza: "Maman, mbele ya Covid ulikuwa na magonjwa gani?" Nikamuambia pumu yangu ya utoto, namna ulinibeba mugongoni mpaka kwa masista. Nikamuonyesha na hivi vidole vinavyovimba kila asubuhi. Alipomaliza kunipima akasema vidole hivyo ni kazi ya askari wa mwili wangu, wanamupiga mwenye nyumba badala ya mwizi. Covid ilipoingia iliwakuta wamechanganyikiwa hivyo, na pumu tayari iko ndani. Si kila mwenye pumu anabaki hivyo, na waganga hawajajua yote, lakini wenye magonjwa ya zamani ni rahisi zaidi Covid iwaachie uchovu murefu.

"Na karuho?" nikauliza.

"Maman, karuho yako ulizaliwa nayo."

Akanipa dawa ya pumu ya kila siku, na ya vidole, na sheria moja: pumzika mbele ya kuchoka. Sijapona yote, lakini nimerudi kuimba mu korali, Bwana asifiwe.

Basi leo nikaenda kwa Noela bila kualikwa. Akafungua mulango na mwiko mukononi. Nikapiga magoti. "Wifi, nisamehe."

"Simama, weye. Ukikata pumzi hapa, watasema ni mimi tena."

Tulicheka mpaka nikakohoa, naye akakimbia kuleta maji. Kiisha akaweka bugali na sombe. Unajua desturi yetu, mwenye nyumba anaonja kwanza ili mugeni asiogope. Akanyoosha mukono aonje. Nikaushika.

"Acha. Utanimalizia sombe."

Yeye akalia, Maman. Mimi sikuweza, kinywa kilikuwa kimejaa.

Wanataka kuja kwako Shabunda siku kuu ya Noeli, Deo na yeye. Anaogopa utamufungia mulango. Amekununulia kitenge, mimi ndio nakishona.

Nisalimie mujomba katekista, na shangazi anayekuchotea maji, na mudogo wangu na mume wake. Uwaambie haya yote, kwani wao pia walisikia yale ya kwanza.

Na Noela akikupikia, tafadhali, kula mbele ya yeye kuonja.

Binti yako anayekutaja katika kila rozari,
Wabiwa