Orodha ya Ezra

Agnela, na leo hukuja kazini! Meneja ametoka kuniita ofisini kwake.

Ati naichukia kampuni! Kumbe Ezra wa kompyuta amepewa kazi: atengeneze orodha ya maneno mabaya, halafu mashine inapita kurasa zetu za Facebook inayahesabu. Mimi nimetoka nyekundu kuliko wote. Wewe umetoka kijani, safi kabisa.

Unajua ni posti gani? Ya msiba wa bibi kule Nduruma! Kifo, uchungu, kilio, machozi. "Maneno manne mabaya," anasema meneja. Nikamwambia, bosi, nilikuwa namzika bibi yangu. Akajibu, "Mashine haina upendeleo."

Haina upendeleo!! Kwa msiba!

Akageuza kompyuta nijionee orodha yenyewe. Chuki, uongo, wizi, kifo. Nashuka, nashuka, nakuta loshoro.

LOSHORO, Agnela. Chakula cha kwetu, mahindi na maziwa mgando, kimekaa katikati ya wizi na matusi. Nikauliza kimekosa nini. Ezra, aliyesimama pembeni, akainamisha macho. Meneja akanitazama na uso wake ule uliochacha, akasema, "Wewe unajua."

Najua, ndiyo. Ni jina la utani tulilompa yeye, mimi na wewe, kwa sababu ya uso huo huo. Lakini kazini sijawahi kulitamka. Facebook sijaliandika hata siku moja.

Nimeliandika hapa WhatsApp tu. Kwako.

Tiki zimeshakuwa za bluu, Agnela. Mbona huandiki kitu?